Saini Hiyo ni Yako

Nakutumia shairi, natokea Makorora,
Nilianza kwa fahari, beti zangu kuzichora,
Leo siombi dinari, wala tuzo ya kung'ara,
Nina mstari mmoja, una safari ya huko.

Mfikishie Singano, ghorofa ya tatu juu,
Penye baridi ya mno, na zulia la miguu,
Alisome neno neno, asitupe kwa dharau:
Sikujua si jawabu, saini hiyo ni yako.

Jirani ni Mwanatumu, wa barabara ya nane,
Mwanawe, damu kwa damu, hakujaliwa mwingine,
Alitoweka na simu, Segera, mwezi wa nne,
Polisi waliandika, jalada likalalako.

Kila usiku hupiga, simu isiyopokewa,
Sauti akaimwaga, sandukuni kwa ukiwa:
“Chande, nimepika mboga, mchunga, haujaliwa,
Nimefunika bakuli, njoo ule, ni la kwako.”

Maneno hayo ya ndani, hakuyasikia mtu,
Si shemeji, si jirani, wala imamu wa kwetu,
Ijumaa gazetini, yamekaa safu tatu:
“Mchunga wa Marehemu”, kichwa hicho, wino wako.

Hakulia Mwanatumu, aliuliza tu moja:
“Kama wameshika simu, basi mwanangu angoja?
Zimesikizwa salamu, zote saba kwa pamoja,
Yu hai, amesikia!” Akashika tena mwiko.

Kumbe laini ya Chande, ilifufuliwa Chuda,
Kibandani, kwa upande, kwa malipo, siyo ada,
Mwandishi wenu Sekinde, akasikiza kwa muda,
Sufuria ya mamaye, yapoa juu ya jiko.

Sekinde kasema kweli, mahakama ya mkoa,
Miezi sita kamili, Maweni kwenda kukaa,
Ukaja na mawakili, watatu, waliong'aa,
“Sikujua,” ukasema, wafuta miwani yako.

Hati tisa za malipo, zikasomwa hadharani,
Kila moja, hapo hapo, neno “utafiti” ndani,
Na chini, bawa la popo, mkono wa mwenye shani:
Sikujua si jawabu, saini hiyo ni yako.

Ulijua karatasi, yapanda shilingi ngapi,
Lita za gari la kasi, zilikwenda njia zipi,
Hata kijiko, upesi, wauliza kiko wapi,
Ila sikio la wizi, hilo tu silo la kwako.

Nami nina langu neno, sipendi kulitamka,
Siku ile, mia tano, nilitoa kwa haraka,
Nikalisoma kwa meno, barazani, nikawika,
Kahawa yangu ya moto, na kashata, na kicheko.

Jina halikuandikwa, ni “mama wa Ngamiani”,
Na mchunga ukapikwa, uani kwake jirani,
Jioni nikaalikwa, nikaula kwa sahani,
Uchungu sikuujua, hadi naulamba mwiko.

Ukajiuzulu Machi, na marupurupu yote,
Raskazone, hufichi, geti jipya kama pete,
Chande kaonwa kwa tochi, bondeni, na lori lote,
Simu imo mfukoni, imezima, bado iko.

Shairi hili natuma, nikijua halitoki,
Pengine utalichoma, jalalani, sishituki,
Nakala nimeisoma, kwa mama, hakuhamaki,
Akafunika bakuli: “Ule, mwalimu, ni lako.”

Basi Singano pokea, tugawane hili deni,
We ndiwe uliyelea, sikio la kibandani,
Mimi nikalinunua, kwa kashata, barazani,
Sikujua si jawabu, sikio lile ni langu.